Hasira za Amondi, fundi anayezihuisha simu za wakimbiaji

Kwa jina la Mola, Mlezi wa viumbe vyote, ambaye hachakai wala hahitaji kurekebishwa, tunaanza. Kwake ndiko mambo yote yanakorejea, na kwake tunaomba ulimi usiozidisha na kalamu isiyopunguza, kwa kuwa habari hii ni ya watu walio hai, na walio hai hudhulumiwa kwa wepesi hata na wale wanaowasifu.

Wenye habari hii ni wanne, na ni haki wapangwe wao kabla ya kupangwa jambo lenyewe. Wa kwanza ni Linet Amondi, fundi wa simu mjini Eldoret, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja. Wa pili ni Sharon Jebiwott, mkimbiaji wa nusu marathoni, miaka ishirini na minne. Wa tatu ni Zachariah Kimeli, kocha wa kambi moja kule Kaptagat, ambaye wakimbiaji wake humwita Mzee hata asipokuwepo kusikia. Wa nne ni Chebet, ambaye hayuko kambini tena, na kutokuwepo kwake ndiko kulikowafanya hawa watatu wawe walivyo leo.

Saa nne asubuhi ya Jumamosi. Ukungu umeondoka juu ya msitu wa Kaptagat, na wakimbiaji wamerudi kutoka kwenye mbio zao ndefu, viatu vimejaa tope jekundu hadi kwenye kamba. Ndani ya bwalo la kambi kuna chai ya maziwa, mikate iliyokatwa vipande vinene, na meza moja ambayo hakuna anayeruhusiwa kuweka kikombe juu yake.

Juu ya meza hiyo zimelala simu kumi na tisa, vioo vikiitazama dari. Kila moja imebandikwa kipande cha plasta ya kidonda chenye jina la mwenyewe. Waya nyembamba zimetoka kwenye kila simu na kukutana kwenye kipakatalishi cha Amondi, mfano wa ndama waliofungwa kwenye kigingi kimoja.

"Mtu asiguse," anasema Amondi bila kuinua macho.

"Anti, yangu imefika asilimia ngapi?" anauliza mkimbiaji mmoja mrefu, mdomo umejaa mkate.

"Imefika asilimia ya kukuambia uketi."

Bwalo linacheka. Amondi hacheki. Anaandika amri fupi kwenye kioo cheusi cha kompyuta, anabonyeza, na mistari ya maandishi meupe inaanza kupanda. Kila mstari ni kiraka kimoja kinachoziba tundu moja ndani ya mfumo wa simu. Wiki hii kuna viraka sitini na viwili.

"Sitini na mbili," anasema, kwa sauti ya mtu anayewahesabu waliomtukana. "Wiki moja tu. Sasa fikiria simu imekaa miaka mitatu."

Mgeni angedhani mama huyu ameamka vibaya. Wanaomjua wanasema ameamka hivyo tangu Februari.

Kuielewa hasira hiyo, ni lazima kwanza ieleweke amana iliyofungwa kwenye simu ya mkimbiaji. Mwanariadha wa kiwango cha Sharon hana ruhusa ya kupotea. Kila siku ya mwaka, hata ya Krismasi, hutakiwa kutangaza saa moja na mahali atakapopatikana na wapimaji wa dawa za kututumua misuli. Wakija katika saa hiyo wasimkute, huandikiwa kosa. Makosa matatu ndani ya miezi kumi na miwili humfanya aadhibiwe kana kwamba dawa zimekutwa mwilini mwake. Hufungiwa, mara nyingi kwa miaka miwili.

Kutangaza huko hufanywa kwa simu. Simu ikinyamaza, aliye safi na aliye mchafu huwa sawa.

Sharon ameshaandikiwa makosa mawili. La kwanza litafutika tarehe kumi na nne Oktoba. Jumamosi hii zimebaki siku kumi na saba.

"Huyu msichana hawezi kumeza hata tembe ya mafua kabla hajauliza daktari," anasema Kocha Zachariah, akimtazama Sharon anavyozunguka meza. "Lakini barua zao haziulizi tabia ya mtu."

Sharon mwenyewe ana maneno machache. "Sindano yao siogopi. Waje hata kila siku, nitawapikia chai. Mimi naogopa hii simu."

Amondi alizaliwa Eldoret, mtaa wa Langas, kwa mama aliyetoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi katika kiwanda cha nguo. Hakusomea kompyuta. Kwa miaka sita alikuwa mfagiaji katika chuo kikuu kule Chepkoilel, na kwa kuwa ndiye aliyeshika funguo za maabara, ndiye aliyetangulia kuingia kila Ijumaa. Fundi wa maabara, mwanamke aitwaye Kabura, alichoka kuraukia kazi ya dakika mbili ya kusasisha kompyuta. Akamwandikia Amondi mistari miwili kwenye karatasi, akamwambia: andika huu, kisha huu, kisha endelea kufagia.

"Nilikuwa naandika, nafagia, naangalia," Amondi anakumbuka. "Kompyuta arobaini. Siku moja nikaandika, ikakataa. Nikaweka ufagio chini nikasoma vile imesema. Ilikuwa imesema ukweli, kwamba imejaa, haina nafasi. Hapo nilijua hii kitu huongea na mtu yeyote. Haijali kama uko na digrii ama uko na ufagio."

Kompyuta hizo zilitumia Linux, mfumo ambao ramani yake imeachwa wazi ili kila awezaye kuisoma airekebishe. Wanaoitunza wametawanyika duniani, wengi wao wakijitolea, na hakuna mmoja wao awezaye kuamka akasema mfumo huu nimeufunga, nunueni mwingine. Amondi aliyajifunza hayo akiwa na kitambaa cha kupangusia begani.

Mwaka wa 2016 aliuacha ufagio, akafungua kibanda karibu na soko kuu. Kodi ni shilingi elfu saba. Mwezi mzuri humwachia elfu ishirini na sita za kumlisha yeye na mwanawe Lennox, aliye kidato cha tatu. Alibadilisha vioo, akachomelea bodi, akaweka betri. Na kama mafundi wenzake wote wa mji huu, alikuwa na desturi ya nyongeza.

Desturi yenyewe ni hii. Mteja akishalipa, fundi humuuliza kwa upole, "Nikuzimie hizi za kula bando?" Mteja hushukuru na kuaga akiwa amefurahi. Katika mji ambao bando la intaneti hupimwa kama mafuta ya kupikia, huo ni ukarimu. Ndivyo simu kwa mamia zilivyotoka vibandani zikiwa na kioo kipya, betri mpya, na masasisho, yaani viraka vya mfumo, yaliyozimwa.

Machi ya mwaka wa 2023, Chebet, mkimbiaji wa kilomita kumi kutoka Soy, alileta simu yake kuwekewa betri. Amondi akamuuliza swali la ukarimu. Chebet akakubali.

Mwaka mmoja baadaye, programu ya wapimaji ikaacha kuelewana na mifumo iliyopitwa na wakati. Haikutoa onyo wala haikulia. Chebet aliposafiri kwenda nyumbani Soy kusaidia kupanda mahindi, aliandika mahali alipo, akabonyeza, kiduara kikazunguka kidogo, kisha kikatoweka. Akadhani imepokelewa. Wapimaji wakaenda kubisha Kaptagat.

Kosa hilo lilimkuta mara tatu kati ya Machi mwaka jana na Januari mwaka huu. Alijieleza kwa barua. Akajibiwa kwamba wajibu ni wa mwanariadha. Februari akafungiwa miaka miwili, akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili.

Akaipeleka simu kwa Amondi ili aiuze.

"Nilifungua mahali pa masasisho," anasema Amondi, na hapa sauti yake inashuka. "Imezimwa. Nikatazama tarehe. Nikakumbuka hata sweta alikuwa amevaa hiyo siku. Nikamwambia palepale, Chebet, ni mkono wangu huu. Hakulia. Akaniambia, 'Kwani Anti, si ni mimi nilikubali?' Hiyo ndiyo iliniuma. Afadhali angenitukana."

Alifunga kibanda siku tatu. Siku ya nne alipanda Kaptagat bila kualikwa, akajieleza kwa Kocha Zachariah, na kuomba ruhusa ya kuwasha masasisho kwenye simu zote za kambi bila malipo. Kocha akakubali. Amondi akarudi mjini akiwa mwepesi kidogo.

Mwezi ulipotimia alirudi kukagua. Hakuna simu hata moja iliyokuwa imesasishwa.

Alidhani ni bando. Akaleta kifaa chake cha kusambaza mtandao, akakiacha bwaloni wiki nzima. Hakuna kilichobadilika. Alifikiri anaanza kuwehuka, hadi jioni moja ya Aprili mvua ilipomzuia kushuka mjini, akabaki kula ugali na managu pamoja na wakimbiaji. Saa moja ilipogonga, Kocha aliingia na sanduku la mbao lenye kufuli. Mmoja baada ya mwingine, wakimbiaji wakazima simu zao na kuzilaza humo, akafunga, akaondoka na ufunguo. Zingetolewa asubuhi, baada ya mbio za kwanza.

Simu za kisasa hupangiwa kujisasisha mwenyewe akiwa amelala, zikiwa zimechomekwa kwenye umeme. Za kambi hii zilikuwa hazijawahi kulala zikiwa macho.

"Mzee," Amondi aliuliza, kijiko kikiwa hewani, "hizi simu hulala zimezimwa?"

"Na wenye simu pia hulala. Hapa hatufugi popo."

"Kila siku?"

"Kila siku tangu nifungue hii kambi, miaka kumi na nne. Ndiyo maana tunashinda."

"Ndiyo maana mnafungiwa."

Katika kambi hiyo hapana aliyewahi kumjibu Mzee hivyo, na wanaomjua wanasema aliuweka ufunguo mfukoni polepole, kama anayetafuta mahali pa kuuweka mkono wake.

"Mama Lennox, umekuja kunifundisha kukimbia?"

"La, Mzee. Nilikuja kuomba msamaha wa makosa yangu. Sasa nimeona na yako, nashindwa kunyamaza."

Walibishana hadi chai ikapoa. Kocha alishikilia kwamba miguu isiyolala haishindi mbio, na katika hilo hakukosea. Amondi alishikilia kwamba mkimbiaji aliyefungiwa haendi popote na miguu iliyolala vizuri. Mwishowe Kocha alitoa alichoweza kukitoa. "Sanduku haliondoki. Lakini nakupa Jumamosi. Mtu akikunyima simu, uniambie mimi."

Ndivyo meza hii ilivyopatikana. Kila mkimbiaji huchanga shilingi mia tatu kwa mwezi, nazo hulipia mtandao na nauli ya Amondi. Yeye hupakua masasisho mara moja tu, akiwa mjini, akayahifadhi kwenye kompyuta yake kama nafaka ghalani, na simu zote hunywa kutoka hapo bila kugusa bando la mtu.

Lakini wakati huo tatizo kubwa kuliko yote lilikuwa bado halijajitokeza.

Sharon, baada ya kuandikiwa kosa lake la kwanza Oktoba mwaka jana, alifanya ambalo kila mwenye akili angelifanya. Aliitupa simu yake kuukuu, akachukua sehemu ya zawadi ya mbio, akanunua mpya kwa shilingi elfu tisa na mia tano. Amondi alipoipitia Aprili na kuigusa mahali pa masasisho, iliandika kwa maandishi ya kijani kwamba mfumo wake umesasishwa kikamilifu. Amondi akaamini, akampa Sharon simu yake. Juni, Sharon akaandikiwa kosa la pili.

"Nilikaa chini na hiyo simu siku nzima," anasema. "Unajua ilikuwa inasema nini? Ilikuwa inasema hakuna sasisho lingine. Na ni kweli. Hakuna. Waliotengeneza waliacha kuitengenezea miezi minne kabla Sharon hajainunua. Mgonjwa haletewi dawa, halafu anaandikiwa amepona. Huo si uongo? Kama si uongo, niambie unaitwaje."

Simu ilinunuliwa kwa Javan, kijana mcheshi mwenye duka la vioo na taa nyingi katikati ya mji. Amondi alienda na simu, na kasha lake, na risiti.

"Hii simu masasisho yake yaliisha lini?" akamuuliza.

"Sista, hiyo ni mpya. Si unaona hata karatasi ya kioo iko?"

"Nimekuuliza tarehe. Sijauliza karatasi."

"Watu huuliza kamera. Huuliza betri. Hakuna mtu ashawahi niuliza hiyo kitu."

"Mimi nimekuuliza."

"Basi wewe ni wa kwanza. Nikuletee soda?"

"Javan, kuna msichana atakosa kazi kwa sababu ya hii simu yako."

"Si yangu, madam. Mimi huuza tu. Mwenye kutengeneza yuko mbali, na hata mimi sijui anaitwa nani."

Hapo ndipo ilipo ghadhabu ya Amondi, na hapo ndipo inapostahili kuwa. Anayetengeneza yuko mbali. Anayeuza hajui. Kasha lina picha ya msichana anayecheka, lina idadi ya kamera, na halina mahali popote palipoandikwa siku ambayo simu itaachwa. Maziwa ya pakiti huandikwa tarehe. Mbolea huandikwa tarehe. Dawa ya kupe huandikwa tarehe. Simu inayobeba riziki ya mtu haiandikwi, kisha ikifa, aliyeinunua ndiye huambiwa wajibu ulikuwa wake.

"Mimi makosa yangu nimekubali," anasema. "Mzee amekubali yake. Nionyeshe mwingine amekubali."

Akageukia alichokijua. Katika simu kumi na tisa za kambi, kumi na moja zilikuwa zimeachwa na watengenezaji wake. Akaanza kuzifuta moja moja na kuziwekea mfumo huria wa Linux, uleule aliouandikia amri akiwa na ufagio. Nyingine zilifunguka kwa saa mbili. Mbili zilikataa kabisa, zikarudishwa kwa wenyewe kuwa tochi na saa ya kuamshia, nao wakatafuta nyingine. Ya Sharon ilimchukua siku tatu.

Simu zenyewe si za kujivunia. Sharon akipiga picha, watu hutoka na rangi ya kijani, na wenzake humwambia, "Sharon, tupige tukae kama sukuma wiki." Siku ya kwanza alipopokea simu yake aliuliza swali ambalo kila Mkenya angeliuliza.

"Na M-Pesa iko?"

"Pesa weka kwa kabambe, ile simu ndogo ya vitufe," Amondi alimjibu. "Hii ni ya kukulinda wewe, si ya kulinda pesa."

Kwenye mfumo huo tovuti ya wapimaji hufunguka vizuri, kwa sharti moja lisilo na huruma, kwamba kila wiki mfumo usasishwe. Hakuna kampuni itakayoukumbuka, ni lazima uwe na mtu. Na kwa kuwa viraka hutengenezwa na binadamu, huja siku ambayo kiraka huleta tundu jipya.

Jumamosi hii ni siku hiyo.

Simu kumi na nane zimezimika na kuwaka. Ya Sharon imezimika, imetoa alama yake, imezimika tena. Amondi anangoja dakika moja. Anakishika kitufe cha pembeni, anahesabu hadi kumi. Alama inatoka, inazimika.

Sharon ameacha kutembea. Mama yake analazwa hospitalini mjini Jumatatu, apasuliwe Jumanne. Tangu Jumatatu hadi Ijumaa Sharon atakuwa akilala kwenye chumba cha kukodi karibu na hospitali, na bado hajabadilisha taarifa zake. Angeweza kuingia kwa kompyuta ya Amondi, lakini tarakimu za siri za kumthibitisha huzaliwa ndani ya simu ileile iliyolala mezani ikiwa nyeusi.

"Anti," anasema.

"Nimeona."

"Anti, nisiende? Nimwache mamangu alazwe peke yake?"

"Nani amekuambia usiende?"

Kocha Zachariah amesimama mlangoni, kofia mkononi. Mkimbiaji mrefu ameuweka mkate chini.

Amondi hasasishi simu yoyote kabla ya kuihifadhi ilivyo. Hilo alijifundisha mwenyewe, baada ya Juni. Ndani ya kompyuta yake kuna nakala ya simu ya Sharon kama ilivyokuwa saa tatu na nusu asubuhi, pamoja na kila kilichomo. Anaitafuta, anaichomeka simu upya, anaanza kuirudisha. Mistari inapanda. Inachukua dakika arobaini, na katika dakika hizo anatamka maneno matano tu, na matatu kati yake hayafai kuchapishwa gazetini.

Simu inawaka.

Sharon anaketi, anaandika: jina la mtaa, jina la jengo, mlango wa pili kushoto, saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili alfajiri, tangu Jumatatu hadi Ijumaa. Anabonyeza. Kiduara kinazunguka, kinatoweka.

"Imeenda," anasema.

"Umejuaje?"

"Kiduara kimeisha."

"Usiniambie habari za kiduara." Amondi anamgeuzia kompyuta. "Ingia hapa upya. Soma kile wao wanaona. Soma kwa sauti."

Sharon anasoma kwa sauti, mbele ya wakimbiaji kumi na wanane na kocha wao, mtaa, jengo, mlango, saa. Siku zote tano. Anapomaliza, Kocha anairudisha kofia kichwani.

Jumatano, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, wapimaji wawili walibisha mlango wa pili kushoto. Mama yake Sharon alikuwa ametoka salama kwenye upasuaji siku iliyotangulia. Sharon alifungua mlango akiwa na leso mabegani. Walichukua damu na mkojo, wakajaza fomu, wakaaga. Jambo lote lilichukua muda wa kuchemsha chai, ambayo walikataa kuinywa.

Saa kumi na mbili na nusu alimpigia Amondi.

"Anti, wamekuja."

"Wamekukuta?"

"Si ndiyo nakupigia."

Amondi anasema alipokata simu aliketi kitandani, na watu wakimuuliza kama alifurahi, huwaambia kweli.

"Nilikasirika zaidi. Kwa sababu ilikuwa rahisi hivyo. Ilikuwa inataka mtu mmoja, kila Jumamosi, na waya. Hiyo tu. Chebet angekuwa anakimbia saa hii. Mungu nimemshukuru, huyo ninamshukuru kila siku. Lakini hawa wengine, wenye kuuza na wenye kutengeneza, sina asante yao."

Mpango wake umeandikwa kwenye kurasa mbili, nao umeshatiwa saini na watu mia tatu na arobaini, wakiwemo wakimbiaji, walimu na akina mama wa soko. Anataka bunge la kaunti litunge sheria kwamba kila simu inayouzwa Uasin Gishu iandikwe nje ya kasha tarehe ambayo masasisho yake yatakoma, kwa herufi ambazo mtu atazisoma bila miwani. Wakati sheria ikingojwa, anatembea na kalamu ya wino mzito. Simu inayopita kibandani mwake hutoka na tarehe mgongoni. Javan amemfukuza dukani mara mbili. Mara ya tatu alimwomba amwandikie tarehe za simu sita, kwa kuwa wateja wameanza kuuliza.

Ile simu ya Chebet hakukubali kuinunua. Aliiwekea mfumo mpya, akairudisha Soy kwa mkono wake, kwa kuwa mwanariadha aliyefungiwa bado hutakiwa kutangaza mahali alipo. Kila Jumapili ya pili baada ya kanisa hufika huko na kompyuta yake. Chebet huwa amekamua ng'ombe na ameshakimbia peke yake kwenye barabara za mashamba ya mahindi. Humpa mgeni wake chai, hutandaza waya mezani, na huketi wakitazama mistari ikipanda.

"Februari ya mwaka wa ishirini na saba," anasema Amondi. "Siku hiyo akirudi kambini, hiyo simu itakuwa mpya kuliko zote. Nimemwambia. Akacheka, akaniambia, 'Anti, wewe shika simu, mimi nishike miguu.'"

Ewe Mola usiyemsahau mtu, walinde waliobaki Kaptagat wakiamka kabla ya ndege, na uwape kuonekana pale wanapotafutwa. Mpe afya mama aliye kitandani. Mpe aliyebaki Soy pumzi ndefu na kungoja kufupi, miezi yake ipite, na miguu yake isisahau njia. Hasira ya mwanamke huyu usiizime mpaka haki itendeke, kisha umpe usingizi. Na kila aliyebaki na kifaa kilichoachwa na aliyekiunda, mjalie mtu wa kumkumbuka. Amin.